Protini hupitaje palipokunjwa DNA?

*Mwalimu, ikiwa DNA imezungushiwa histoni na kubanwa, protini inayotafuta jeni fulani huifikiaje? (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Kisumu)*

Umeuliza jambo la msingi, mwanangu, ambalo wengi hulipita wakishakariri jina la histoni, yaani protini ambazo DNA huzizunguka. Kipande cha DNA chenye jozi 147 za besi huzunguka histoni nane karibu mara mbili, na fungu hilo ndilo nukleosomu. Ukipita Soko la Kibuye, mtazame fundi cherehani anapoweka bobini mezani: ncha ya uzi hulegea yenyewe, ilhali mizunguko ya ndani imetulia. DNA nayo huachia histoni kuanzia nchani, kisha hujirudisha. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2005 na maabara ya Jonathan Widom, Marekani, vilionyesha kwamba DNA hukaa imejifunga kwa takriban robo sekunde, halafu hufunguka kwa milisekunde 10 hadi 50. Kwetu huko ni kufumba na kufumbua, lakini protini iliyo karibu huwahi kushika mahali pake. Na ikishashika, DNA haiwezi kujizungusha tena hapo, kwa hiyo protini ya pili, inayotafuta mahali pa ndani zaidi, hukuta njia imeanza kufunguka.

*Na jeni ikiangukia katikati kabisa ya nukleosomu? (Muuguzi, Kakamega)*

Hapo, dada, kungoja hakufai sana, kwa kuwa katikati hufunguka kwa nadra mno. Seli hutumia mashine za protini kama SWI/SNF, iliyotambuliwa kwanza katika hamira, ambazo huvunja ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, ili kupata nguvu ya kuisogeza DNA juu ya histoni au kuziondoa histoni kabisa. Ziko pia protini tangulizi, kama FoxA ya ini, zinazoweza kushika DNA ikiwa bado imezungushwa, kwa sababu upande wake mmoja daima huelekea nje. Mimi hizi hunistaajabisha kuliko zote.

*Je, ni sahihi kuwafundisha wanafunzi kwamba asetili hufungua DNA? (Mwalimu wa bayolojia, Nakuru)*

Ni sahihi nusu. Asetili, kikundi kidogo cha kemikali kinachobandikwa kwenye histoni, huondoa chaji chanya ya laisini, mojawapo ya asidi amino, katika mikia ya histoni, hivyo mkia hulegeza mshiko wake kwa DNA yenye chaji hasi. Vincent Allfrey na wenzake walilidokeza jambo hilo mwaka 1964. Nukleosomu yenyewe, hata hivyo, haisambaratiki. Waeleze pia kwamba asetili ni alama, na kwamba SWI/SNF ina sehemu inayoitambua na kujishikiza hapo.