Maswali ya Wasomaji: Watoto wa vyura wa spishi mbili huishi?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa baiolojia mkoani Morogoro. Wakati wa masika wanafunzi wangu waliona dimbwini dume mdogo wa chura amemkumbatia jike mkubwa ambaye hakufanana naye kwa rangi wala kwa umbo. Wakaniuliza kama mayai yataanguliwa na kama watoto wataishi. Mmoja wao alisema watakuwa kama baghala, mtoto wa punda na farasi, mwenye nguvu lakini asiyezaa. Sikuweza kumthibitishia wala kumkanusha. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Mwalimu, tunakushukuru wewe pamoja na wanafunzi wako kwa swali hili. Kwanza wahakikishe kwamba kweli walikuwa wa spishi mbili, kwa kuwa kwa vyura wengi jike humzidi dume kwa ukubwa, na pengine hata rangi hutofautiana. Ikiwa walikuwa wa spishi mbili, kukumbatiana peke yake hakutoshi. Mayai ya vyura walio wengi hurutubishwa nje ya mwili, majini, na pale ambapo spishi zimeachana mno kinasaba, mara nyingi mayai hayarutubishwi, au viinitete, yaani watoto wanaoanza kuumbika ndani ya mayai, hufa vikiwa bado vichanga. Lakini spishi zikiwa ndugu wa karibu, watoto wanaweza kuishi, na hapo swali la mwanafunzi wako ndipo linapopata uzito wake.

Mfano uliochunguzwa sana ni wa Ulaya. Mwaka 1758 Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden aliyeainisha viumbe, alimpa chura anayeliwa huko jina la Rana esculenta, akimhesabu kuwa spishi kama nyingine. Ilichukua takriban karne mbili hadi Leszek Berger wa Poland, katika miaka ya 1960, alipowazalisha vyura hao na kuonyesha kwamba ni machotara wa spishi mbili, ambazo leo huitwa Pelophylax ridibundus na Pelophylax lessonae. Chotara huyu ana afya, anastahimili mazingira mengi, na tofauti na baghala, anazaa. Namna anavyozaa ndiyo inayostaajabisha. Katika seli zake za mwili kuna kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) 26, yaani seti ya 13 kutoka kwa kila mzazi, lakini anapotengeneza mayai au mbegu huitupa seti yote ya mzazi mmoja na kurithisha ile ya mzazi wa pili bila kuichanganya. Anapoishi pamoja na lessonae, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Ulaya ya kati, hutupa seti ya lessonae na kubakiza ya ridibundus. Akipandana na lessonae, watoto wanapata tena seti moja ya kila upande, na machotara wapya wanazaliwa.

Balaa huja pale chotara anapopandana na chotara mwenzake. Kila mmoja huleta seti ya ridibundus, kwa hiyo kwa hesabu ya kromosomu watoto ni ridibundus halisi, na mtu angetarajia wawe wazima kuliko wazazi wao. Kinyume chake, wengi wao hufa wakiwa bado viluwiluwi. Sababu ni kwamba seti ile imerithishwa vizazi kwa vizazi bila kuchanganywa, na kasoro za jeni zikajilimbikiza humo bila njia ya kuondolewa. Ndani ya chotara kasoro hizo hufunikwa na jeni nzima za lessonae, bali kiluwiluwi mwenye seti mbili zenye kasoro zilezile hana cha kumkinga. Ushahidi unaoniridhisha zaidi ni huu: machotara waliotoka sehemu tofauti, ambao seti zao zina kasoro zisizofanana, wanapopandanishwa, baadhi ya watoto wao huishi hadi kukua. Mwambie basi mwanafunzi wako kwamba kwa vyura hawa uchotara wenyewe hauui, na kwamba mauti yanayowapata ni ya kizazi kinachofuata.

Waulize pia jike alikuwa wa spishi gani, kwani hilo laweza kuamua kila kitu. Mayai ya Xenopus laevis, yule chura mwenye kucha anayefugwa sana katika maabara, yakirutubishwa kwa mbegu za Xenopus tropicalis, watoto huishi. Ukigeuza, jike akawa tropicalis na dume laevis, viinitete vyote hufa katika saa chache za mwanzo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba ndani ya yai hilo vipande vya kromosomu mbili za baba hupotea seli zinapogawanyika. Mayai ya tropicalis hufa vivyo hivyo yakikutana na mbegu za Xenopus borealis, chura anayeishi Kenya.

SWALI: Je, jike anaweza kumchagua dume wa spishi nyingine kwa faida yake, au siku zote ni kosa? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Anaweza. Katika maeneo makavu ya kusini-magharibi mwa Marekani kuna vyura wa jenasi (kundi la spishi ndugu) ya Spea wanaozaliana katika madimbwi ya mvua yanayoweza kukauka kabla viluwiluwi hawajaota miguu. Mtafiti Karin Pfennig alieleza mwaka 2007 kwamba jike wa Spea bombifrons, maji yakiwa ya kina kifupi, huelekea zaidi kwenye mlio wa dume wa Spea multiplicata, kwa sababu viluwiluwi machotara hukua haraka kuliko wa bombifrons watupu na hivyo hupata nafasi ya kutoka majini wakiwa hai. Gharama yake ni kubwa, kwa maana machotara wa kiume ni tasa na wa kike hutaga mayai machache, ndiyo maana dimbwi likiwa na maji mengi jike yuleyule hurudi kwa madume wa spishi yake. Majike wa multiplicata hawageuzi uchaguzi wao kwa kufuata kina cha maji, kwa kuwa viluwiluwi wao tayari hukua haraka, na kuchanganya damu kungewachelewesha.