Karani aliandika alichosikia

Majibu ya Mama kwa barua zenu, Lubumbashi

*Jambo sana Mama. Ninatafuta habari za nkambo wangu, aliyemzaa baba. Alifanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, akafa 1974 hapa Kamalondo. Tuna kadi ya ubatizo ya baba inayomtaja mzazi "Mbuyi Josephus". Kitambulisho chake cha wakati wa Zaïre kina Mbuyi na jina jingine, Joseph hayumo kabisa. Shangazi anasema alitoka Kasai, akatembea siku nyingi mpaka Bukama, ndipo akapanda treni. Nilikwenda kwenye ofisi moja, karani akafungua rejista, akasema huyo mtu hayumo. Kijana mmoja kwenye korido akaniomba dola 50 anitafutie "arshive za Wabelgiji", nyaraka zao za zamani. Nimpe? Mjukuu, Kamalondo.*

Mwanangu, usimpe. Hizo dola utazihitaji kwa usafiri na fotokopi.

Karani naye sitamsema sana, maana nilikaa kwenye kiti kama chake miaka 26. Sisi tuliandika tulichosikia. Mama amesimama mbele yako, mtoto analia mgongoni, mvua inapiga mabati, foleni imefika nje. Anasema Ngalula, wewe unasikia Galula, na kalamu imeshapita. Bibi yangu mwenyewe nilimtafuta miaka miwili kwenye rejista ya parokia, kwenye herufi N. Alikuwa kwenye G. Nililia, kisha nikacheka, kwa sababu nilikumbuka majina yote niliyoyakata pua mimi mwenyewe.

Kwa hiyo mtafute kwenye M, halafu kwenye B, maana kuna aliyeandika Buyi. Tazama na J, kama faharisi ya padri imepangwa kwa jina la ubatizo. Na likitokea jina la ukoo linaloanza na Tshi, usisahau kujaribu Chi na Ci. Hiyo "us" ya Josephus isikusumbue, rejista za Kikatoliki za zamani ziliandikwa Kilatini. *Filius* ni mwana wa fulani. *Patrinus* ni baba wa ubatizo. *Circa* maana yake padri alimtazama mtu usoni akakisia umri, basi usianze kuchinja kuku kila mwaka kwa siku ya kuzaliwa iliyotoka hapo.

Joseph kupotea unajua sababu yake. Mwaka 1972 Mobutu aliondoa majina ya Kikristo, na vitambulisho vikafuata. Kabla ya hapo tafuta Joseph, baada ya hapo usihangaike naye.

Halafu, Mbuyi ni jina la pacha. Kwa Waluba wa Kasai, Mbuyi ana Kabanga wake. Ukiona Kabanga wa umri uleule, kutoka kwa chifu yuleyule, usifunue ukurasa haraka.

Lakini kitu kikubwa kuliko vyote kwenye barua yako umekipitia mbio: Bukama. Reli kutoka huku, wakati mji unaitwa Élisabethville, ilifika Bukama 1918. Kipande cha kutoka Bukama hadi Ilebo, zamani Port-Francqui, kikipita Kamina na Mwene-Ditu, kilifunguliwa 1928. Tangu hapo mtu wa Kasai alipandia treni kwao, miguu ya mpaka Bukama ya nini tena? Maana yake shangazi, bila kushika karatasi hata moja, amekupa miaka 10 tu ya kutafuta. Mrudie na soda baridi. Muulize walitembea wangapi, walivuka mto gani, chifu wa kwao aliitwa nani, na nani alikuja kuwaandikisha. Usimuulize tarehe. Wazee ukiwauliza tarehe wanakupa yoyote ili ufurahi.

Ukitoka kwake nenda parokia iliyokuwa ikihudumia kambi yao ya wafanyakazi. Katika miaka ile ya mwisho ya 1920 Union Minière iliacha desturi ya wanaume wa kupita tu. Ikaandika mikataba ya miaka 3, ikataka mtu akae na mke na watoto, na shule za kambi zikawa mikononi mwa mapadri Wabenediktini. Ndiyo sababu mchimba mukuba (shaba), ambaye komini, ofisi ya serikali ya mtaa, haimjui, unaweza kumkuta kanisani akiwa na nyumba nzima: ndoa yake, watoto wake, hata jirani zake.

Ukifika hapo, usiombe cheti. Cheti ni karani mwingine anayenakili anachotaka. Omba, kwa heshima, kuonyeshwa mstari wenyewe wa baba yako. Tazama pembeni, kwenye nafasi nyembamba ambako mkono ni mwingine na wino ni mwingine. Tangu 1908 Kanisa limeagiza kwamba mtu akifunga ndoa, parokia alikobatiziwa ipelekewe habari, na habari hiyo huandikwa pale pembeni. Kama nkambo alibatizwa kwingine, Likasi au hata Kasai, mstari wa ndoa yake ndio utakaokuonyesha njia. Na usimruke *patrinus*. Wa bibi yangu alikuwa jirani wa kambini, nikamdharau kwa sababu si ukoo. Wajukuu wake ndio waliokuja kunitajia kijiji chetu, maana wawili hao walitoka pamoja.

Fungueni pia sanduku la bati la zamani pale nyumbani. Karatasi yoyote yenye namba ya kazi, ya mshahara, ya hospitali ya kambi, iweke kando. Jina lilipinda kila karani alipolishika. Namba watu waliinakili kwa hofu, kwa sababu mshahara ulikuwa ndani yake.

Sasa Wabelgiji. Arshive zipo kweli. Makaratasi ya Union Minière yamewekwa Brussels, kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa, na mafaili ya serikali ya kikoloni nayo yamekuwa yakihamishiwa huko. Unaweza kuwaandikia mwenyewe kwa Kifaransa, kijana wa korido si wa lazima. Ila usitegemee faili la nkambo. Pale kuna mambo ya kampuni, na mtu mmoja wa sururu hakuandikiwa kurasa. Walioandikiwa kurasa nyingi ni watoto machotara walionyang'anywa mama zao, ambao Ubelgiji iliwaomba radhi 2019. Serikali iliwaogopa, na mtu anayeogopwa huandikwa sana. Nkambo wako alihesabiwa tu. Kwa hiyo anza na shangazi na parokia, Brussels iwe ya mwisho.

*Mama, jina la baba halifanani hata kidogo na la nkambo. Kwenye kilio cha juzi ndugu wengine wakasema basi huyu si mtoto wake, nyumba haimhusu. Nimekosa la kujibu. Msomaji wa kike, Katuba.*

Pole kwa msiba, na pole zaidi kwa ndugu hao. Zamani kwetu mtoto hakubeba jina la baba yake. Alipewa lake: la mkubwa aliyetangulia kufa, au la namna alivyozaliwa, kama huyo Mbuyi hapo juu. Ndugu watano wa tumbo moja, majina matano. Jina moja la nyumba nzima ni mazoea yaliyokuja na makaratasi.

Kwenye komini tafuta sehemu iliyoandikwa *fils de*, mwana wa. Hapo kuna majina mawili, la baba na la mama, na watu husoma la kwanza tu. Soma yote mawili. Omba ukurasa wenye muhuri, kisha kabla ya kikao cha nyumba uwasomee hao ndugu kwa sauti, taratibu, na umpe mmoja wao aushike.