Herufi saba mkononi na neno halionekani

SWALI: Anko shikamoo. Mi na wifi yangu tunacheza sana Scrabble, ule mchezo wa kuunga maneno ya Kingereza ubaoni kwa vipande vya herufi, na kila tukicheza ananifunga. Juzi nilikua na A, E, G, I, N, R, T nikaziangalia weee mwisho nikaweka "tin", afu yeye akacheka akasema hapo palikua na neno la herufi zote saba. Nikaingia tovuti moja ya kutafutia maneno nikaandika herufi zangu, ikanimwagia maneno kibao na mengine yana herufi ambazo mi hata sina. Sasa ndo nikariri dikshenari nzima au kuna ujanja?

JIBU: Marahaba. Wifi yako hajakuonea, tena yalikuwepo zaidi ya moja: granite, ingrate, tearing na tangier (sio ule mji wa Moroko, majina ya miji hayaruhusiwi, hii ni ladha iliyozidi ukali). Ukishusha saba zote kwa mpigo unaongezewa pointi 50, na "tin" ni pointi 3. Pole.

Tovuti haikukosea, we ndo uliuliza kitu kingine. Ukisema "neno lenye herufi hizi" unaweza kumaanisha mambo matatu. Chukua R, S, T. Ukitaka zifuatane vilevile utapata first, thirsty, understand. Ukitaka ziwemo tu popote, na nyingine ziongezeke, utapata storm, artist na mengine hayaishi. Ukitaka neno la herufi hizo zote tatu bila nyingine hupati hata moja, maana hamna vokali. Kwenye Scrabble unataka hili la tatu, na tovuti ilikupa la pili, basi. Tafuta kisanduku cha herufi ulizonazo mkononi, sio kile cha herufi ambazo lazima ziwemo. Na nyingi zinakubali alama ya kuuliza kwa herufi moja usiyoijua na nyota kwa herufi zozote hata kama ni nyingi, yani c?t inaleta cat, cot, cut, afu *mt inaleta dreamt na ndugu zake wachache sana.

Ndani yake programu haijaribu kupanga na kupangua, herufi saba tofauti zinapangika kwa njia 5,040. Njia ya mkato inayotumika sana ni kupanga herufi za kila neno kwa alfabeti: listen inakua EILNST, silent nayo EILNST, basi yanakaa kapu moja. Zako ni AEGINRT, ukilifungua hilo kapu manne yote yako humo.

Ila wifi hawezi kukubali ushike simu mchezoni kwahiyo hii hapa ya kichwani. Kwanza tenga mkia. Uliona I, N, G? Zitoe pembeni, zinabaki A, E, R, T, humo kuna tear, unganisha, tearing hiyo. Angalia tu usidake rate ukafanya "rateing", ile e inadondoka inakua rating na e inabaki mkononi. Mikia mingine ni -ED, -ER, -EST, na vichwa ni RE-, UN-. Mkia ukigoma tafuta konsonanti zinazopenda kuandamana, GR, TR, ST. Weka GR mbele uone kama granite haijitokezi yenyewe. Mi vipande huwa navipanga duara, jicho linaacha kung'ang'ania ule mpangilio wa mwanzo.

Na hapa ndo wengi wetu tunapofungwa: maneno yetu ya asili yanaishia na vokali kwahiyo macho yanatafuta ba, ta, ka, wakati Kingereza kinarundika konsonanti bila huruma, ona catchphrase, katikati kuna sita zimefuatana, tchphr. Ukiwa na konsonanti nyingi usikate tamaa mapema.

SWALI: Anko, Q ikija bila U naitupa?

JIBU: Usiitupe haraka. Yule Alfred Butts aliyeubuni huu mchezo, msanifu majengo aliyekosa kazi kule Marekani miaka ya 1930, alihesabu herufi kwenye magazeti ajue zipi zinatumika sana, ndo maana kati ya vipande 100 vya Kingereza E ziko 12 na Q ni moja tu, ya pointi 10. Bila U kuna qi, qat, faqir. Hiyo qi ndogo ni pointi 11, na Q ikikaa mahali inaposomeka kwenye maneno mawili, la kwenda kulia na la kushuka chini, unaihesabu mara mbili. Ila kubalianeni dikshenari kabla hamjaanza, maana zile ndogo nyingi haziyaweki haya, na ukibishiwa utarudisha vipande vyako mkononi wenzio wanaangalia.