Maswali ya Wasomaji: Kisima Kimeingia Chumvi, Tuchimbe Zaidi?

Assalaam alaykum. Kisima chetu hapa Jambiani kina mita 9 na maji yake tulikuwa tukiyanywa. Tangu tutie pampu yameanza chumvi, na kaskazi hii hata chai hayafai. Fundi anatwambia tuongeze mita 3. Tumsikilize? Na je, maji ya mvua yanaweza kurudishwa ardhini yakakitengeneza kisima?
*Msomaji, Jambiani*

Wa alaykum salaam. Msimsikilize. Kwenye ukanda wenu wa mawe ya matumbawe, maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ndani ya mwamba, kwa sababu ni mepesi kidogo. Hesabu yake ni hii: kila sentimita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban sentimita 40 nyingine chini ya usawa huo. Pampu ikiyashusha maji sentimita 10 na yakabaki hapo, chumvi inaweza kupanda mita 4. Tena mwamba wenu una nyufa na mapango, kwa hiyo kati ya maji baridi na ya chumvi kuna tabaka nene la maji yaliyochanganyika. Kuongeza mita 3 ni kuifuata chumvi iliko.

Zamani ndoo ilichota maji ya juu, kidogo kidogo, kisima kikapumzika. Pampu iigeni ndoo: mdomo wake uwe kama nusu mita chini ya uso wa maji yanapokuwa machache kabisa, ivute robo saa, kisha izimwe saa moja au mbili. Nunueni kipimo kidogo cha chumvi cha mfukoni muandike namba kila wiki. Pimeni hali ya bahari ikiwa ile ile. Kipimo cha bamvua (bahari inapojaa na kupwa sana) ukikilinganisha na cha maji mafu (inapojaa na kupwa kidogo) utadhani kisima kimeharibika au kimepona, kumbe ni bahari tu.

Ama kuyarudisha ardhini, inafaa, lakini karibu na pwani maji mnayoyatia kwenye mwamba wenye nyufa hayakai sana, huteremka baharini. Kwa hiyo kwenu tangi kwanza, ardhi baadaye. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la bati la mita 10 kwa 8, mvua ya milimita 50, ukitoa kinachopotea kwa kuruka na kuvuja, linakupa kama lita 3,400 kwa mvua moja. Watu 6 wakitumia lita 5 kila mmoja kwa kunywa na kupika ni lita 30 kwa siku, basi tangi la lita 5,000 lililojaa mwisho wa masika linawavusha zaidi ya miezi 5. Kufua na kuoga endeleeni na kisima. (Paa la makuti lisahauni kwa maji ya kunywa: maji hutoka na rangi ya chai.)

Mchirizi wa kukinga maji ya paa uinamie sentimita 1 kwa kila mita, na vishikio viwe kila sentimita 60, la sivyo mvua ya masika huupinda katikati na maji humwagika ukutani. Kabla ya tangi wekeni bomba la kusimama la kupokea maji ya mwanzo, yenye vumbi na vinyesi vya ndege. Kwa paa hilo lita 40 zinatosha: bomba la inchi 6 hubeba kama lita 18 kwa mita, kwa hiyo mita 2 na robo. Chini lizibwe kwa kifuniko cha kufungua, chenye tundu dogo la kudondosha. Tundu hilo likiziba kwa majani, bomba hubaki limejaa na mvua ya pili huingiza uchafu wote tangini. Hapo ndipo wengi hukosea, si kwenye tangi.

Ziada ya tangi ndiyo iende ardhini. Ipite kwanza kwenye chemba ya sentimita 60 kila upande, tope litulie, kisha iingie shimo la mita 1.5 kwa 1.5, kina mita 2: chini mawe makubwa, kati kokoto, juu mchanga wa chembe kubwa uliooshwa, sentimita 30. Mchanga ukae juu ili tope linaswe pale unapoweza kulikwangua kabla ya kila masika. Mchanga wa pwani hapana, una chumvi.

Nyumba yetu hujaa maji uwani kila masika. Kuna kisima kikavu, nataka kuyaelekeza humo.
*Msomaji, Mwanakwerekwe*

Usifanye hivyo. Maji ya uwani na barabarani hubeba mafuta, taka na yaliyofurika kutoka kwenye makaro, na kisima huyapeleka moja kwa moja kwenye maji wanayokunywa jirani zako. Maji ya paa peke yake, yaliyopita chemba na mchanga, ndiyo yanayoweza kuingia, na kisima kiwe mbali na karo au choo. Kipimo kinachotumika sana ni mita 30. Penye matumbawe hata hizo haziaminiki.

Kwetu Pemba ni mlima na udongo wa mfinyanzi. Nilichimba shimo, likawa bwawa la mbu.
*Msomaji, Wete*

Mfinyanzi haunywi. Siku nyingine jaribu kwanza: shimo la nusu mita, lijaze maji, yaache yaishe, kisha ujaze tena na upime. Kujaza kwa kwanza hudanganya, udongo mkavu una kiu. Yakishuka pungufu ya sentimita 2 kwa saa, acha. Badala yake chimba mitaro mifupi ya mita 3 au 4, upana na kina sentimita 50, ikikata mteremko, mstari wa chini ukizibia mapengo ya wa juu. Udongo uutupe upande wa bondeni na uupande mchaichai. Usawa upatikane kwa fremu ya miti mitatu yenye umbo la herufi A na kamba yenye jiwe. Mtaro ukiinama, maji hukusanyika mwisho mmoja na kulibomoa tuta. Na pale ambapo mlima umewahi kuporomoka, au nyumba iko chini yake, usichimbe kabisa.