Mjomba wa Mikanda: Ya Jen au ya Sarah?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi na kaka yangu tuna ubishi usioisha. Tulikulia Mbeya, na tukiwa wadogo tuliona filamu mbili za vikaragosi kwenye vibanda vya video. Moja haina binadamu hata mmoja. Kuna kijana anatafuta kipande cha jiwe kilichomeguka, na majitu ya kutisha yamevaa kama wafalme. Nyingine ina msichana anayemfuata mdogo wake aliyechukuliwa na vibwengo. Kaka anasema ile ya kwanza ndiyo filamu, hii ya pili ni michezo ya watoto wa kike. Mimi namwambia anaringa tu. Nina binti wa miaka saba sasa. Nani ana haki, na mtoto nimwanzishie ipi? – Msomaji, Makambako

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Ya kwanza ni The Dark Crystal ya mwaka 1982, waliyoiongoza Jim Henson na Frank Oz. Ya pili ni Labyrinth ya 1986, na hiyo Henson aliiongoza peke yake. Zote mbili zilipigwa Elstree, Uingereza, na viumbe wa zote mbili walitoka kwenye penseli ya mchoraji mmoja, Brian Froud. Kwa hiyo wewe na kaka yako mnagombana juu ya watoto wa tumbo moja.

Na hapo sitanii sana. Kwenye ile ya kwanza, Froud alikutana na fundi aliyefinyanga sura za Jen, yule kijana wa jiwe, na Kira, mwenzake wa kike; fundi mwenyewe ni dada mmoja aitwaye Wendy. Wakaoana, wakapata mtoto, Toby. Yule kichanga wa nguo za mistari anayelia mikononi mwa vibwengo kwenye Labyrinth ndiye huyo Toby. Mwambie kaka yako kwamba bila filamu yake, ya kwako ingetafuta mtoto mwingine wa kuibwa.

Sasa ubishi wenyewe. Kaka yako ana hoja, ila kashika makali badala ya mpini. Mnakumbuka mlivyoziona? Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Mikanda huku kwetu ilipanda kutoka Dar au ikaingia kwa njia ya Tunduma, imeshachezwa mpaka picha inatoa mvua. Mimi nilikuwa na kibanda Mwanjelwa: mabenchi, turubai, deki moja, na kijana wa kidato cha pili niliyemlipa chai na maandazi asimame mbele atafsiri. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. Kwenye The Dark Crystal, wale Skeksis, nusu tumbusi nusu mjusi, walipoanza kukoroma na kufokeana, yeye alikaa kimya. Na hakuna aliyedai hela yake.

Kwa nini? Mfalme wao anakufa, maiti haijapoa, wenzake wanagombea kiti. Wawili wanashindana kwa kulikata jiwe kwa upanga, anayeshindwa anavuliwa mavazi hadharani na kufukuzwa. Nani wa Nyanda za Juu Kusini anayehitaji kutafsiriwa ugomvi wa urithi msibani? Na ndivyo Henson mwenyewe alivyotaka. Mwanzoni Skeksis walizungumza lugha yao ya kubuni, mtazamaji aelewe kwa kuwaangalia. Watu walioonyeshwa kwa majaribio wakashindwa kufuata, ndipo wakawekewa sauti za Kiingereza. Maana yake ni kwamba mabenchi ya Mwanjelwa yaliiona filamu karibu zaidi na alivyoiwaza mwenyewe kuliko waliokuja kuiona sinema huko kwao. Sijawahi kuchoka kulisema hilo.

Labyrinth haikupata bahati hiyo. Hati yake iliandikwa na Terry Jones, yule wa kundi la vichekesho la Monty Python, na imejaa maneno kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kuna walinzi wa milango miwili, mmoja husema kweli daima na mwingine hudanganya daima, na Sarah, yule msichana, lazima ajue apite mlango upi kwa swali moja. Kijana wangu alipofika pale akasema, "Wanasalimiana." Ukumbi mzima ukacheka, na kitendawili kikapotea. Hata mwisho wake, Sarah anapomwambia Mfalme wa Vibwengo, anayechezwa na mwanamuziki David Bowie, kwamba hana mamlaka juu yake, ni maneno tu. Hakuna upanga, hakuna ngumi. Usipoyasikia, unaona msichana kaongea na mwanaume kaanguka. Kaka yako aliiona moja nzima na nyingine nusu, halafu akatoa hukumu.

Ukiniuliza ipi ni kazi kubwa ya mikono, nitakaa upande wake. Hakuna uso wa binadamu kwenye The Dark Crystal wa kukupa pa kupumzisha macho. Mimea, wanyama, mavazi, vyote vimetengenezwa. Mchezaji wa Skeksis yumo ndani ya vazi, mkono mmoja juu ndani ya kichwa, na kifuani ana televisheni ndogo ya kumwonyesha anachofanya, kwa sababu haoni nje. Wale wanyama warefu wanaokimbia na Jen na Kira mgongoni ni watu juu ya mironjo, miguuni na mikononi. Na pale Jen anapoonekana kwa mbali akitembea, mara nyingine ndani yake yupo Kiran Shah, mtu mfupi wa kimo aliyezaliwa Nairobi. Jirani yetu kabisa.

Lakini ukiniuliza ni kikaragosi gani nilikiamini, ni Hoggle, yule mzee mbishi wa Labyrinth. Ndani ya vazi alikuwa Shari Weiser. Uso uliendeshwa kwa redio na watu wanne, wakiongozwa na Brian Henson, mtoto wa Jim, ambaye pia ndiye sauti yake. Watu watano kwa mzee mmoja mnung'unikaji! Hata hivyo, kinachomfanya apumue ni Jennifer Connelly, aliyecheza Sarah. Msichana wa umri ule anamkasirikia, anambembeleza, anamwangalia machoni kama mtu anayemdai. Jen na Kira hawana wa kuwaangalia hivyo. Wanatazamana wao kwa wao, na nyuso zao ni ngumu kidogo. Skeksis wabaya wanawazidi uhai kwa mbali. Hilo ndilo doa la filamu ya kaka yako, na hata yeye akitulia atalikubali.

Kuhusu "michezo ya watoto wa kike", Labyrinth ilitengenezwa kwa dola milioni 25 hivi na Marekani ikaingiza karibu milioni 13 tu, kwa hiyo wenye fikra za kaka yako walikuwa wengi. Henson alifariki 1990 bila kuongoza filamu nyingine ya sinema. Leo wanaoitafuta ni wengi kuliko waliolipa kiingilio.

Binti yako umwanzishie Labyrinth. Miaka saba inatosha kwa bwawa la uvundo. Atacheka mpaka alale chini. Wewe ukae naye, na kwenye walinzi wa milango simamisha, umwache afikiri. The Dark Crystal isubiri afikishe kumi au zaidi. Wale watu wadogo wa kijijini wananyonywa uhai mbele ya kioo, macho yanageuka meupe, na Kira anachomwa kisu. Nina mpwa mwingine aliyeiona mapema mno. Mpaka leo akisikia mtu anaguna "mmmm", kama yule Skeksis aliyefukuzwa, anageuka.

SWALI: Ndaga, Mjomba. Yale matufe ya kioo yanayozunguka mkononi mwa David Bowie, ni yeye au ni kompyuta? – Msomaji, Tukuyu

JIBU: Ndaga fijo. Si yeye, na si kompyuta. Ni Michael Moschen, fundi wa kurusha na kuzungusha vitu, aliyejibanza nyuma ya Bowie na kupitisha mkono wake mbele badala ya ule wa Bowie. Alikuwa hayaoni hayo matufe. Alifanya kwa kugusa. Tazama tena bega la Bowie katika picha hizo utaona limekaa vibaya kidogo.