Shangazi, fomu inauliza kama nimewahi kuhukumiwa

Shikamoo shangazi. Nina miaka 31, naishi Kayole. Nilikuwa keshia katika duka la jumla, nikaiba shilingi 84,000 mama alipolazwa hospitalini. Nilishtakiwa kwa wizi, nikafungwa Lang'ata, nikatoka mwaka jana. Tangu hapo nafulia watu nguo. Sasa kiwanda kimoja cha mikate kule Industrial Area kimeniita mahojiano Alhamisi, kazi ya stoo. Fomu yao inauliza kama nimewahi kuhukumiwa, na wanataka cheti cha tabia njema. Binamu yangu anasema niandike "La", eti kuna kijana River Road anayetengeneza cheti kwa elfu tatu. Nikisema ukweli nitakosa kazi. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Tuanze na huyo kijana wa River Road. Kifungo chako umekimaliza. Cheti cha kughushi ni kosa jipya chini ya Kanuni ya Adhabu, na hakimu atakayeisikiza kesi hiyo ataiona na ile ya kwanza. Alama za vidole vyako ziko DCI, idara ya upelelezi wa jinai, tangu ulipokamatwa. Hata kiwanda kisipogundua mwezi huu, utakuwa ukishtuka kila meneja akikuita jina.

Usingoje pia miaka ipite ikusafishie jina. Uingereza ina sheria ya mwaka 1974 inayofanya hukumu nyingi zihesabike kuwa zimekwisha baada ya muda fulani. Hapa kwetu hukumu ya mtu mzima haifutiki yenyewe namna hiyo. Basi cheti kitasema. La kuamua ni kama meneja atasikia habari hii kwako kwanza au ataisoma kwenye karatasi wewe ukiwa umenyamaza.

Sitakudanganya kwamba ukisema kweli utapokelewa kila mahali. Zamani nilikuwa na mkahawa mdogo Kariobangi. Mama mmoja alikuja kuomba kazi ya jikoni, akasimama kando ya jiko amekumbatia kiondo chake, akaniambia ametoka gerezani. Alieleza kwa muda mrefu, akalia. Nilikuwa nimeshika mwiko, uji unafurika sufuria, na sikujua nimtazame nani. Nikamwambia, "Nitakupigia." Namba yake niliiandika nyuma ya risiti ya unga. Sikupiga. Kosa lilikuwa langu, na linaniuma hadi leo, kwa sababu aliniheshimu kwa kuniambia mwenyewe. Lakini nikirudisha fikira najua kilichonitisha: katika yote aliyoyasema, nilisikia gereza tu. Hata sikumuuliza anaweza kupika nini.

Ndiyo maana nataka useme kwa ufupi. Kwenye fomu weka "Ndiyo", uandike kando kwamba utaeleza ana kwa ana. Usimweleze askari wa getini wala msichana wa mapokezi; ngoja yule mwenye kuamua. Waache wakuulize kuhusu kazi kwanza, wakuone unavyojibu. Kabla hujatoka, sema hivi: "Nilipokuwa keshia nilichukua pesa za mwajiri wangu. Nilihukumiwa, nikatumikia kifungo chote. Niko tayari kuanza mahali ambapo sishiki pesa wala funguo." Kisha nyamaza. Kimya hicho kitakuwa kizito, usikijaze kwa maneno.

Habari ya ugonjwa wa mama yako iache mpaka uulizwe. Najua ilivyokuwa, na moyo wangu uko nawe, ila ikitangulia itasikika kama kisingizio. Stoo pia ni mahali pa mali, mwanangu, kwa hiyo wakikataa kukupa ufunguo wakakupa kazi ya kupakia mikate, ichukue. Na kama ulijifunza kazi yoyote kule Lang'ata ukafanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, beba cheti hicho kiwe juu ya karatasi zako zote. Pitia pia ofisi ya probesheni uulize kama afisa anaweza kukuandikia barua. Kazi yao haiishii kwa walio kwenye kifungo cha nje. Wanawasaidia na waliotoka gerezani.

Wenzako wa kazini si lazima wajue. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mwajiri atumie habari zako kwa shughuli aliyozichukulia tu, kwa hiyo una haki ya kumwomba meneja zisitoke ofisini mwake. Majirani wa ploti ndio kabisa, hawakuajiri.

Kuna kazi ambazo cheti cha tabia njema hakikwepeki, kama udereva wa matatu na ulinzi. Huko usipoteze nauli kwa sasa. Wanawake wengi mtaani kwenu wanakaanga na kuuza mandazi bila kuulizwa cheti cha tabia njema, na kama Alhamisi itakwenda vibaya nitakusaidia kupiga hesabu ya kuanzia.

Kesho jaza ombi la cheti kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uende Huduma Centre ya GPO asubuhi na mapema ukachukuliwe alama za vidole. Chukua kitambaa cha kufutia wino. Alhamisi jioni niandikie, hata wakikataa. Na namba ya yule kijana, ifute kwenye simu yako leo.