Mzee wa Saa Anajibu: Mita imetangulia futi, saa ni feki?

Swali: Assalaam alaykum Mzee wa Saa. Babu yangu alikuwa baharia, Mungu amrehemu, katuachia Rolex Submariner 5513 aliyoinunua Aden 1967. Mjomba wangu wa Muscat anayo 5513 hiyohiyo, yeye kanunua 1978. Juzi kaja Unguja harusini tukaziweka zote mbili mezani, mbona hazifanani! Ya babu imeandikwa 200m = 660ft, ya mjomba 660ft = 200m. Vidoti vya ya babu vimekuwa rangi ya chai ya maziwa na usiku haviwaki kabisa, vya mjomba vyeupe pe na vinawaka mpaka alfajiri. Halafu chini ya saa 6 ya babu kuna SWISS - T<25, ya mjomba SWISS MADE basi. Fundi mmoja hapa mjini kasema ya babu feki, walioighushi walipindua maandishi, ila kwa kunisaidia tu ataichukua kwa laki mbili. Nimpe?
*Mjukuu wa Baharia, Mji Mkongwe*

Jibu: Waalaykum salaam mjukuu wangu. Usimpe! Mtu anakwambia kitu feki halafu hapohapo anatoa laki mbili mfukoni, we hujiulizi hizo laki mbili ni za nini?

Sasa sikiliza. 5513 ilianza kutoka 1962 ikaenda mpaka mwisho wa miaka ya 80, zaidi ya miaka 25 namba ya modeli ileile, na hapo ndo watu wanapoteleza wanadhani namba ikiwa moja basi na uso wa saa ni mmoja, wapi bwana. Zamani zile nyuso Rolex walikuwa wanaagiza kwa viwanda vingine, kama Singer, na maandishi yanagongwa kwa pedi laini kutoka kwenye kibao kilichochongwa, sasa kibao kikichakaa kinachongwa kingine na kikichongwa kingine herufi haikai palepale, mara lile taji la nembo ya Rolex limenenepa, mara mkia wa herufi umerefuka. Kwenye modeli nyingine ya Rolex, GMT-Master 1675, kuna uso ambao mkono wa kati wa E ya ROLEX ni mrefu kuliko kawaida, basi watu wanaisaka hiyo E tu, dunia nzima. Sasa hii yenu ya mita na futi, yaani kina cha maji ambacho saa inahimili, wala sio bahati mbaya ya kibao, ni mpangilio waliubadilisha wenyewe, mpaka karibu 1969 mita ilikuwa mbele, baada ya hapo ikawekwa futi. Kwahiyo saa ya 1967 mita kutangulia ndo inavyotakiwa, ningeikuta futi iko mbele ndo ningeanza kukuuliza maswali.

Tuje kwenye vidoti, maana hapa ndo patamu. Ile T ni tritiamu, haidrojeni yenye mionzi iliyokuwa inachanganywa kwenye rangi ili iwake gizani bila kuhitaji mwanga, na T<25 maana yake haizidi milikyuri 25, kipimo cha mionzi hicho. Tritiamu kila miaka 12 na kitu inapungua nusu. Piga hesabu toka 1967, imebaki chini ya asilimia 5, itawaka na nini? Na ile rangi ya chai ni uzee wa rangi yenyewe, inakuja taratibu, na wakusanyaji wanailipia kwa sababu haiji kwa siku moja. Rolex waliachana na tritiamu karibu 1998 wakaingia Luminova, inayokula mwanga mchana ikautoa usiku, nayo haina T.

Basi jiulize, saa ya 1978 imepataje uso wa SWISS MADE unaowaka mpaka alfajiri? Imepita kwa fundi mjukuu wangu. Mjomba aliipeleka sevisi miaka ya 2000 huko, wakamvua uso wa zamani wakamvika mpya, na inawezekana kwa nia njema kabisa, maana mwenye saa anataka iwake. Saa ni ya kweli, uso ni wa kampuni, ila sio uso iliyozaliwa nao na bei yake imeshuka sana. Mwambie mjomba kwa adabu, na amuulize aliyemfanyia sevisi kama ule wa zamani upo droo gani.

Kuhakikisha ya babu, toa cheni uangalie kwenye bodi kati ya masikio, yale yanayoshika cheni, upande wa 12 utakuta 5513 na upande wa 6 namba ya siriali, ya 1967 inatakiwa iwe imeshapita milioni moja. Ikifunguliwa mfuniko wa nyuma, kwa ndani mara nyingi kuna robo ya mwaka kwa Kirumi na mwaka, mfano II.67. Ukiona hivyo tulia.

Na isipigwe polishi! Mi saa ya ami yangu niliipeleka duka moja silitaji, nikasema safisheni vumbi tu, imerudi inang'aa kama sufuria ya dukani na kingo zote zimelainika kama kipande cha sabuni cha wiki mbili. Nimenuna mwaka mzima.

Swali: Mzee shikamoo. Nina Omega Speedmaster ya marehemu baba, kwenye ile ringi nyeusi ya namba nukta iko juu ya 90. Jamaa wa Nairobi anataka kununua ringi peke yake, saa ananiachia. Ni mzima kweli?
*Wa Mombasa*

Jibu: Marahaba. Ni mzima kukuzidi wewe. Mpaka kama 1970 nukta ilikuwa inakaa juu ya 90, baadaye wakaishusha pembeni yake, na ringi ya nukta juu peke yake inashinda bei ya bodaboda. Ataichomeka kwenye saa nyingine aiuze kama nzima. Huu mchezo hata wakubwa umewapata, Novemba 2021 kule Geneva Speedmaster 2915-1 iliuzwa mnadani Phillips zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi, mnunuzi Omega wenyewe, wanaitaka kwa makumbusho yao, 2023 wakatangaza kumbe imeunganishwa spea za saa tofauti na waliokuwa wafanyakazi wao wamo. Ringi ibaki kwa baba.

Swali: Nimeletewa Rolex Datejust ina khanjar, lile jambia la Oman, nyekundu kwenye uso, muuzaji anasema zawadi ya Sultan Qaboos wa Oman. Nichukue?
*Msomaji, Dubai*

Jibu: Zipo kweli, ziliagizwa kupitia duka la Asprey la London, Sultan akazitoa zawadi. Ila khanjar ni chapa ndogo tu juu ya uso wa kawaida, na anayejua kuchapa anaichapa leo jioni. Mwombe jina la aliyepewa, alikuwa kazi gani na karatasi zake, akianza kukwambia "ilikuwa ya mzee mmoja hivi", kunywa kahawa yako uondoke.